Mateke 27: Daichi Suzuki na dhahabu ya Seoul

Ndugu mgeni rasmi, viongozi wa chama cha kuogelea, makocha wenzangu, wazazi, na nyinyi vijana mlioketi hapo mbele na mataulo mabegani: itifaki imezingatiwa, naomba niende moja kwa moja kwenye kilichonileta.

Mwenyekiti aliponiambia, "Mwalimu, njoo utusimulie habari za bingwa mmoja mstaafu," nilijua anamtarajia Michael Phelps, mwogeleaji wa Marekani. Phelps mnamjua, video zake mnazo kwenye simu. Mimi leo nawaletea Mjapani ambaye medali ya Olimpiki anayo moja tu, aliipata kwa tofauti ya sekunde 0.13, tena kwa kuogelea chali, mtindo ambao kwetu hapa mtoto anasukumiwa akishashindwa mitindo mingine yote. Anaitwa Daichi Suzuki. Nimemchagua kwa sababu mbio yake ni ya aina adimu. Unaweza kuweka kidole juu ya uamuzi mmoja, uliofanywa kati ya mchujo na fainali, ukasema dhahabu ilipatikana hapa. Na ukiuchunguza uamuzi wenyewe, unakuta nyuma yake kuna miaka ya kazi ambayo hakuna aliyekuwa akiitazama.

Lakini kwanza tuangalie anakotoka. Los Angeles mwaka 1932, Japani ilichukua nafasi zote tatu za mita 100 chali: Masaji Kiyokawa dhahabu, Toshio Irie fedha, Kentaro Kawatsu shaba. Wenyeji wa mashindano wakabaki kupiga makofi. Kwa hiyo mtoto wa Kijapani anayelala chali majini hafanyi jambo geni, ana babu zake humo. Tatizo ni kwamba hao babu walikaa muda mrefu bila mrithi. Munich 1972 Wajapani walipata dhahabu mbili za bwawani, Nobutaka Taguchi kwa mtindo wa chura na Mayumi Aoki kwa kipepeo, kisha kimya. Moscow 1980 Japani ilisusia, kama walivyosusia jirani zetu Kenya. Sisi Tanzania tulikwenda, Bayi na Nyambui wakarudi na medali za fedha za mbio, wazee mliopo hapa mnakumbuka. Los Angeles 1984 Warusi ndio waliosusia, nafasi ikawa wazi, na bado waogeleaji wa Japani hawakupata medali hata moja kwenye mbio.

Katika timu hiyo ya 1984 iliyorudi mikono mitupu alikuwamo kijana wa miaka 17. Alizaliwa Machi 10, 1967, Narashino, mkoa wa Chiba, pembeni tu ya Tokyo. Mita 100 chali alishika nafasi ya 11, maana yake hakuiona hata fainali. Kocha wake aliitwa Yoji Suzuki. Jina la ukoo ni moja lakini hawana undugu, kina Suzuki Japani ni wengi kama kina Juma hapa kwetu. Baadaye kijana akaingia Chuo Kikuu cha Juntendo, na yeye na kocha wake wakashika jambo moja wakalikalia: kuogelea chini ya maji.

Hapa naomba mnivumilie kidogo, maana bila kulielewa hili, hotuba nzima inakuwa hadithi tu.

Panda kivuko cha Kigamboni, simama mbele, angalia kile kilima cha maji ambacho pua ya chombo inakisukuma. Injini inakula mafuta kukisukuma kilima hicho safari nzima. Mwogeleaji aliye juu ya maji naye anasukuma kilima chake, kidogo lakini ni kilekile. Akizama kiasi cha mita moja hivi, kilima kinatoweka, hana wimbi la kulisukuma. Akiwa na njia ya kusonga huko chini kwa kasi ya kutosha, atampita mwenzake anayechapa mikono juu. Njia ipo. Unanyoosha mikono juu ya kichwa, kiganja juu ya kiganja, masikio yamebanwa katikati ya mikono, miguu imegandana, na mwili mzima kuanzia kifuani unapiga wimbi kama pomboo, ila tumbo limeelekea juu. Wajapani mtindo huo wanauita kwa jina la Jesse Vassallo, Mmarekani mzaliwa wa Puerto Rico, bingwa wa dunia wa mita 200 chali mwaka 1978. Mpaka leo kocha wa Kijapani akitaka mtoto azame anamwambia apige Vassallo.

Sasa kwa nini wote wasifanye hivyo? Vijana, wangapi mmeshajaribu? Naona mikono. Basi mnajua jibu: pua. Ukiogelea kifudifudi pua inaangalia chini, hewa iliyomo ndani inazuia maji. Ukilala chali, tundu zote mbili zinaangalia juu, maji yanamiminika mpaka kwenye paji la uso kwa ndani, macho yanatoa machozi ndani ya miwani. Wako wanaokunja mdomo wa juu mpaka uzibe pua, na hilo si jambo la siku moja. Wengine wanapuliza hewa kidogokidogo kwa pua ili maji yasiingie, lakini hewa hiyo ndiyo wanayoihitaji kufika mbali. Halafu kuna mapaja. Kufikia teke la kumi na tano yanaanza kuwaka. Ukiibuka ukiwa umechoka, huna mikono ya kumalizia mita sabini zilizobaki, na wale uliowaacha chini ya maji wanakupita mmoja mmoja kama umetia nanga.

Kwa hiyo mita za chini ya maji ni mkopo. Zinakupeleka mbele haraka, na riba unailipa mwishoni. Anayejua riba yake ni kiasi gani ndiye anayeweza kukopa. Suzuki na kocha wake waliijua kwa hesabu ya mateke: mateke 21, kama mita 25, ndipo anaibuka. Hicho ndicho kilikuwa kipimo chake.

Mwaka 1986 alitwaa dhahabu ya Michezo ya Asia kwa mbio hiyohiyo. Mashindano yalikuwa Seoul, mji uleule ambao ungeandaa Olimpiki miaka miwili mbele. Akawa ameujua mji. Na makocha mnajua shida ya mtu wa chali mahali popote: anaangalia dari, anajielekeza kwa taa na mistari ya paa, na zile bendera ndogo zilizotundikwa mita 5 kabla ya ukuta ndizo zinazomwambia aanze kuhesabu mikono. Dari ngeni inapoteza watu njia.

Mwaka wa 1988 wenyewe ulikuwa mbaya kwake, kwa maana kwamba wengine walikuwa wanawaka moto. Kwanza, Igor Polyansky wa Umoja wa Kisovyeti aliishusha rekodi ya dunia mpaka sekunde 55.00. Mwezi Agosti, kwenye mchujo wa timu ya Marekani huko Austin, akatokea mwanafunzi wa Harvard aitwaye David Berkoff, akaenda chini ya sekunde 55, mara mbili. Na Berkoff alikuwa anazama kuliko mtu yeyote, zaidi ya mita 30 kabla ya kuonekana. Waliomtazama mara ya kwanza walidhani ameishiwa nguvu huko chini. Anaibuka, wenzake bado wako nyuma na mapovu yao.

Tukafika Seoul, Septemba 24. Kwenye mchujo Berkoff anaweka rekodi nyingine ya dunia, 54.51. Polyansky wa pili. Suzuki wa tatu, na yuko nyuma ya Berkoff kwa zaidi ya sekunde nzima. Katika mita 100, jamani, sekunde nzima ni urefu wa mtu na zaidi. Mtu mwenye busara ya kawaida angesema: shaba ipo, tuilinde. Na shaba isingekuwa aibu. Ingekuwa medali ya kwanza ya mbio za kuogelea kwa Japani tangu Munich 1972, mnaelewa, ni muda mrefu.

Wao wakaamua kuongeza. Badala ya mateke 21, atapiga 27. Badala ya mita 25, aibukie 30.

Mateke sita. Yanaonekana machache mpaka ukumbuke nilichosema kuhusu mapaja na pua. Hakuna kocha anayembadilishia mchezaji mpango saa ya fainali ya Olimpiki, kila kitabu kinakataza, na mimi mwenyewe ningemkaripia msaidizi wangu anayethubutu. Ila angalieni hesabu yao. Kwa mpango wa zamani alikuwa na uhakika wa kushindwa. Na kulikuwa na suala la njia: Berkoff njia ya 4, Polyansky ya 5, Suzuki ya 3, yaani bega kwa bega na Berkoff. Mwamerika yule alikuwa amezoea kuibuka akiwa peke yake, pembeni hakuna mtu. Ukiibuka ukamkuta mtu ubavuni mahali ambapo hajawahi kuwa mtu, kichwa kinafanya kazi nyingine. Unaanza kuogelea mbio ya jirani yako badala ya yako.

Ukitazama fainali ile, mwanzoni hakuna cha kutazama. Watu wanane wanashika vyuma, wanajivuta, wanaruka kinyumenyume, kisha katikati ya bwawa panakuwa patupu huku waliobaki juu wakichapa maji. Wale watatu wako chini. Berkoff anaibuka mbele, Suzuki naye yupo. Mita 50 Berkoff anagusa wa kwanza. Na kugusa kwa siku zile kulikuwa kugusa kweli, lazima mkono ufike ukutani ukiwa bado chali ndipo ugeuke, sheria ya kugeuka kama ya leo ilikuja 1991. Kurudi, riba zinaanza kudaiwa. Berkoff anadaiwa kuliko wote. Suzuki anasogea, mkono kwa mkono, na Polyansky anakuja na nguvu zake zote upande wa pili. Mita tano za mwisho, chini ya bendera, wako sawa, na hakuna hata mmoja anayemwona mwenzake, wote wanatazama dari.

Suzuki 55.05. Berkoff 55.18. Polyansky 55.20.

Mnaona kitu hapo? Muda wa Suzuki haukuwa rekodi ya dunia. Berkoff alikuwa ameshaogelea zaidi ya nusu sekunde haraka kuliko huo kwenye mchujo. Angerudia mbio yake ileile, dhahabu ilikuwa yake. Suzuki hakuwa mwogeleaji wa chali mwenye kasi kuliko wote duniani mwaka ule, na nadhani mwenyewe asingedai hivyo. Alikuwa na kasi kuliko wote kwa muda usiofika dakika moja, tarehe moja. Olimpiki haiulizi zaidi ya hapo.

Japani ilirudi kutoka Seoul na dhahabu nne tu, moja ya judo, mbili za mieleka na hii ya Suzuki, wakati wenyeji Korea Kusini, jirani na mtani wao, walivuna 12. Ndiyo maana Wajapani wa rika fulani ukiwatajia jina lake wanakuambia walikuwa wamekaa wapi. Ulimwengu mwingine haukumwona. Siku hiyohiyo, Septemba 24, Ben Johnson alikimbia mita 100 kwa 9.79, na habari zote zikaenda huko, na siku tatu baadaye zikaenda huko zaidi aliponyang'anywa medali kwa dawa. Sisi tulikuwa na yetu ya kutazama pia. Marathoni ya Seoul, Douglas Wakiihuri wa Kenya alipata fedha, kijana ambaye Japani ndiko alikopikwa, chini ya kocha Kiyoshi Nakamura, na Juma Ikangaa wetu, aliyekuwa akikimbia marathoni za Japani mpaka watu wa kule wanamjua kwa sura, akawa wa saba. Vijana, na kabla sijasahau: kwenye Olimpiki hiyohiyo Anthony Nesty wa Suriname, nchi ndogo kuliko mikoa yetu kadhaa kwa idadi ya watu, alimpiga Matt Biondi kwenye kipepeo kwa sekunde 0.01. Mwanamume wa kwanza mweusi kutwaa dhahabu ya Olimpiki ya kuogelea. Yule nitamletea hotuba yake siku nyingine.

Turudi kwa Suzuki, maana sehemu inayonigusa zaidi inaanzia hapa. Shirikisho la kuogelea la dunia, FINA, liliangalia fainali ile likasema hili si kuogelea chali tena, ni kupiga mbizi. Kukawekwa kikomo: mita 10 tu chini ya maji, baada ya hapo kichwa kiwe juu. Mwaka 1991 wakalegeza mpaka mita 15, na hapo ndipo tulipo hadi leo, ile alama ya rangi mnayoiona kwenye kamba za njia. Baadaye kipepeo nacho kikawekewa kikomo hichohicho. Hoja zao zilikuwa mbili: watazamaji hawaoni kitu, na watoto watazimia wakijaribu. Ya pili naikubali kwa mikono miwili, nimeshawahi kumtoa mtoto majini akiwa na midomo ya bluu na sitaki kurudia. Ya kwanza siikubali. Mita 10 ilikuwa hasira. Ushahidi ni kwamba wao wenyewe hawakukaa nayo miaka mitatu wakarudi nyuma. Wangeanza na 15 wangeokoa watu kazi.

Na ni nani aliyeumia? Chukua silaha yenye urefu wa mita 30, ikate ibaki 10. Suzuki alikuwa amejenga mwili na mbio yake yote juu ya zile mita. Aliendelea, akahangaika, na 1992 akaachana na mashindano bila kufika Barcelona. Umri miaka 25. Huko Barcelona Mark Tewksbury wa Kanada alishinda kwa 53.98, Jeff Rouse wa Marekani wa pili, na wa tatu, mkimsikia msishangae, David Berkoff. Mwenye kuzama kuliko wote ndiye aliyejifunza upya kuogelea juu. Ningetaka kuwaambia kwamba mshindi wa Seoul naye aliweza, lakini hakuweza, na sioni haja ya kumpamba.

Baada ya hapo mambo yake yanakwenda haraka na mimi nitayapitisha haraka. Alirudi darasani. Alikwenda Marekani, akakaa kama kocha mgeni Harvard, chuo kilekile cha Berkoff. Mwaka 2007 akapata shahada ya udaktari ya tiba Juntendo, akafundisha hapo mpaka uprofesa. Mwaka 2013 akachaguliwa rais wa Shirikisho la Kuogelea la Japani akiwa na miaka 46, wa umri mdogo kuliko wote waliowahi kukalia kiti hicho. Oktoba 2015 serikali ya Japani ilipounda Wakala wa Michezo, akateuliwa kuwa mkuu wake wa kwanza, akakaa miaka mitano, miaka ya maandalizi ya Olimpiki ya Tokyo, ikiwemo ule mwezi Machi 2020 ulipoamuliwa mashindano yasogezwe mwaka mmoja. Septemba 2020 akamwachia Koji Murofushi, bingwa wa Olimpiki wa kurusha nyundo. Mwaka 2021 akarudi kuongoza shirikisho la kuogelea.

Kuna kitu hapo ambacho viongozi wa chama naomba mkisikilize vizuri, nasema kwa heshima. Mtu ambaye kanuni iliyoandikwa mezani ilimkata miguu, hakubaki nje analaumu meza. Alisoma mpaka akapewa kiti. Sasa hesabuni wenyewe, katika kamati zetu, wangapi wamewahi kuvaa nguo ya kuogelea mbele ya waamuzi.

Kuna kijana ameniuliza pale nje kabla hatujaingia: Suzuki wa 1988 angeshindana leo ingekuwaje? Rekodi ya dunia sasa ni 51.60, ya Thomas Ceccon wa Italia, aliiweka Budapest mwaka 2022. Kwa muda wake wa Seoul, Suzuki angefika sekunde tatu na nusu baadaye. Lakini Ceccon na wenzake, kila wanapoondoka ukutani, wanapiga teke lilelile mpaka kwenye alama, mara mbili katika mbio. Mita 30 zilezile, zimegawanywa tu. Tofauti ni kwamba zamani ulichagua kuzijua au kutozijua, na leo asiyezijua hata mchujo wa mkoa anatolewa.

Makocha, ndiyo maana ratiba niliyowagawia ina mateke mengi kuliko mikono, na nimeona baadhi yenu mmekunja sura. Kesho saa 12 asubuhi wanaoogelea chali waingie majini kwanza. Kila mtoto ahesabu mateke yake mpaka mita 15 na ayataje kwa sauti akiibuka, na msaidizi asimame pembeni ya bwawa muda wote, hakuna anayezama peke yake. Namba zote ziandikwe. Asanteni kwa kunisikiliza, na sasa niko tayari kwa maswali.